Nani Aisimulie Upare?

Wenye umri wetu tuliokulia Myamba, Pare Kusini, tunaikumbuka milima hii kabla haijaitwa kivutio. Mgeni aliyepanda huku alikuwa na shughuli inayojulikana: mkaguzi wa shule, mnunuzi wa kahawa, mwinjilisti, bwana shamba, au ndugu wa mbali anayekuja kuhani msiba. Yeyote aliyekuwa, hakuachwa atembee peke yake. Alipewa mtu. Mtu huyo hakuwa na kitambulisho wala posho. Alikuwa kijana wa nyumba fulani, na kazi yake ilikuwa kumfikisha mgeni anakokwenda, kumwambia asalimie nani na asikanyage wapi, kisha kumrudisha salama. Mgeni akikosea, lawama ilikuwa ya aliyempeleka. Mpangilio huo ulikuwa wa kawaida mno, hata hakuna aliyeona haja ya kuueleza. Kilichonifanya niukumbuke ni matangazo yanayozunguka siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp, ya safari za nje kwa Watanzania wenye uwezo, na miongoni mwake ziara binafsi ya siku moja kwenye vivutio mashuhuri vya Vietnam: gari lako, dereva wako, mwongozaji wako, asubuhi hadi jioni. Vijana wa Same wanayasoma matangazo hayo na kuuliza swali la haki kabisa: kwa nini sisi tusiuze siku kama hiyo? Jibu langu ni kwamba tunaweza, ila kwa sharti moja. Tukubali kwamba bidhaa yenyewe ni msimulizi. Jiwe, pango na mnyama vinakuja baada yake.

Tuanze na hao Wavietnam, kwa sababu wametutangulia mbali. Mwaka 2019, kabla ya korona, nchi yao ilipokea wageni wapatao milioni 18 kutoka nje, wakati Tanzania mwaka huohuo ilipokea kama milioni 1.5. Siri yao mojawapo ni jinsi walivyoikata nchi ndefu na nyembamba katika vipande vya siku moja moja. Mgeni aliyefikia Hanoi huchukuliwa asubuhi kwenda ghuba ya Hạ Long yenye maelfu ya visiwa vya mawe ya chokaa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1994. Au hupelekwa kusini, mwendo usiofikia kilomita mia, hadi Ninh Bình, akaone Hoa Lư iliyokuwa makao makuu ya wafalme katika karne ya 10, kisha apande mtumbwi Tràng An. Aliyefikia Da Nang huoneshwa mji wa kale wa Hội An na mahekalu ya Mỹ Sơn yaliyojengwa na watu wa Champa. Aliyefikia Mji wa Ho Chi Minh hupelekwa Củ Chi, kwenye mtandao wa mahandaki ya vita wenye urefu unaozidi kilomita 200, ambako vipande vingine vimepanuliwa ili miili ya watalii ipite. Kila kipande kinatoka mjini na kurudi mjini siku hiyohiyo, na mgeni analala alikoacha begi lake. Kwa ufundi wa biashara, hapo hakuna cha kubeza.

Lakini tazama nani anasema na nani ananyamaza katika siku hiyo. Kule Tràng An na jirani yake Tam Cốc, wanaopiga kasia ni wanavijiji wa palepale, wengi wao wanawake, na wanakwenda kwa zamu. Tam Cốc wamekuwa maarufu kwa kupiga kasia kwa miguu, wameegemea nyuma ya mtumbwi. Hao ndio waliozaliwa kwenye maji yale. Mwongozaji aliyetoka Hanoi na mgeni wake ndiye anayeeleza: mwamba huu unafanana na nini, filamu ipi ilipigwa hapa, mfalme gani alipita. Mwanamke mwenye kasia husikika mwishoni, anapofungua mfuko wa vitambaa alivyotarizi na kuomba mgeni anunue, na baadhi ya wageni huondoka wakilalamika kwamba walisumbuliwa. Sidhani ni haki kumwita msumbufu mtu aliyekaa kimya muda wote huo kwa sababu kazi ya kusema amepewa mwingine. Mgawanyo huu, mwenyeji atoe misuli na mgeni mwenziwe atoe maneno, ndio ninaouhofia tukiiga ziara za siku moja bila kufikiri. Na tusijidanganye kwamba ni wa Asia peke yake. Kwenye njia za Kilimanjaro, jirani zetu wa kaskazini, watalii hukumbuka jina la mwongozaji wao, lakini ni wachache wanaoweza kutaja hata mmoja wa wapagazi waliobeba mahema.

Ziara za siku moja tayari zipo mkoani kwetu. Mgeni aliyefikia Moshi huuziwa maporomoko ya Materuni na kahawa ya kukaangwa papo hapo, chemchemi ya Chemka, mitaa ya Marangu, au ziwa Chala mpakani na Kenya. Same haimo, au imo kwa nadra, ingawa ni mwendo wa lami wa saa mbili hivi kutoka Moshi, kwenye barabara kuu ileile inayopitisha mabasi yote ya Dar es Salaam na Arusha. Inapokuwemo, inaingia kwa jina la Mkomazi. Lango la Zange liko jirani kabisa na mji wa Same, na hifadhi yenyewe, kilomita za mraba zaidi ya 3,200, inapakana na Tsavo Magharibi. Ni mahali pazuri. Ila sikiliza kinachosimuliwa kwenye gari. Utaambiwa kwamba lilikuwa pori la akiba tangu 1951, kwamba ujangili uliwamaliza faru weusi, kwamba mwaka 1989 alikuja Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi na George Adamson wa simba kule Kora, na kwamba faru walirudishwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, kisha Jamhuri ya Czech mwaka 2009, kisha Uingereza mwaka 2012. Yote ni kweli, na ni hadithi ya kupendeza: mnyama wetu aliyezaliwa Ulaya akarudi nyumbani na pasipoti ya mifugo. Utaambiwa pia kwamba mwaka 2008 pori likawa hifadhi ya taifa.

Kisichosimuliwa ni kwamba mwaka 1988 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kwenye pori hilo, kwamba walikwenda mahakamani, na kwamba shauri lao lilifika hadi Mahakama ya Rufani na kuamuliwa mwaka 1999 bila wao kurudishiwa ardhi. Watu wa Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, wanaoishi ukingoni mwa hifadhi kwa upande wa chini ya milima yetu, wanakumbuka njia za ng'ombe, soko la maziwa lilivyokauka, nani alihamia wapi. Mtu anaweza kuamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba bila hatua ile faru wasingekuwa na pa kurudi. Mwingine anaweza kuamini kwamba gharama waliilipa wasiostahili. Mimi naona kwamba mgeni aliyelipa siku nzima anastahili kusikia pande zote mbili na kuamua mwenyewe, na kwamba upande wa pili hauwezi kutoka kinywani mwa dereva aliyekuja asubuhi kutoka Arusha, hata awe mwaminifu kiasi gani. Hana kosa. Alisomeshwa wanyama na ndege, akafaulu. Ng'ombe wa watu hawakuwemo kwenye mtihani.

Sasa panda juu. Upande wa Pare Kusini, ukiacha kilele cha Shengena chenye mita 2,462 na msitu wa Chome unaokizunguka, sisi hatuna maajabu yanayojisemea. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Ghuba ya Hạ Long hata ukiitazama ukiwa umeziba masikio utarudi umeridhika. Pango la Mghimbi kule Mbaga, bila msimulizi, ni tundu kwenye mwamba lenye giza na kinyesi cha popo. Likisimuliwa, ni mahali ambapo watu wa karne ya 19 walijificha na watoto wao wakiwakimbia wawindaji wa watumwa, na mgeni anainama kupita palepale walipoinama wao. Giti, Mamba, bila msimulizi ni kanisa na shule kama makanisa na shule nyingine. Pakisimuliwa, ni mahali ambapo mwaka 1903 wamisionari kutoka Ujerumani walifungua kituo cha kwanza cha Waadventista Wasabato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Uwanja wa ofisi za wilaya pale Same ni vumbi na miti. Ukisimuliwa, ni mahali ambapo mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakapiga kambi kuikataa mbiru, kodi iliyotaka kupima mali ya kila mtu nyumba kwa nyumba, na mwaka uliofuata wanawake wakaingia kwenye mapambano kule Usangi mpaka serikali ya kikoloni ikarudi nyuma. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyeandika historia ya Wapare kwa kuwasikiliza wazee, aliiandikia mbiru kitabu kizima. Katika matangazo yote ya ziara za Same niliyowahi kuona, neno hilo halimo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalochimbwa mahali pa juu, maji ya kijito yakaelekezwa humo usiku kucha. Jioni tundu la kutolea huzibwa. Alfajiri huzibuliwa, na maji yaliyojikusanya hushuka kwenye mfereji yakiwa na nguvu ya kutosha kufika shamba la mwisho, jambo ambalo kijito chenyewe kisingeweza. Kila nyumba ina zamu, na zamu hiyo ni mali kama shamba lilivyo mali; kuna ndoa zilizofikiriwa upya kwa sababu ya zamu ya maji, na kesi za mfereji ni sehemu ya sababu watani zetu Wachaga husema Mpare akikosa wa kushtaki atajishtaki mwenyewe. Mgeni asiyeelezwa ataona dimbwi la maji ya matope lenye majani kando yake, atapiga picha moja kwa heshima na kuuliza choo kiko wapi. Aliyeelezwa anasimama juu ya ukuta wa ndiva akiwa na mtu mwenye zamu siku hiyo, anaoneshwa mahali tundu linapozibwa, anaona unyevu wa jana uliofika usawa fulani na wa leo uliopungua, na anauliza swali lenye maana: nani anaamua nani apewe maji kwanza ukame ukija? Kutoka hapo mazungumzo yanaingia kwenye siasa, kwenye hali ya hewa, kwenye vijana waliohama. Siku inaisha bila kuhitaji kivutio cha pili.

Vivyo hivyo tangawizi, ambayo ndiyo sura halisi ya Myamba leo. Shamba la tangawizi halina mvuto kwa macho. Majani membamba kwenye mteremko, migomba hapa na pale. Lakini mwache mkulima aichimbue mbele ya mgeni baada ya miezi tisa hivi ardhini, aoneshe mzizi ulivyojigawa kama vidole, avunje kipande ili harufu ipande, aeleze kwa nini udongo huu na si ule wa chini, na kwa nini mbegu njema haiuzwi, huwekwa. Kisha aeleze lumbesa: gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linazidi uzito wake, ambalo serikali imelipiga marufuku mara kadhaa na ambalo bado linaonekana barabarani, kwa sababu mwenye lori ndiye mwenye bei. Aeleze kiwanda ambacho wakulima wa Mamba Myamba walikianzisha kupitia ushirika wao ili wasiuze mbichi tu, na safari ndefu ya kiwanda hicho. Hilo ni somo la uchumi ambalo hakuna jumba la makumbusho linaloweza kulitoa, na mwalimu wake yupo shambani, miguu ina tope.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la muda. Mgeni ana siku moja, huwezi kumlazimisha akae juu ya ukuta wa bwawa saa tatu. Amelipia kuona mengi. Nakubali nusu. Siku ni moja, na yeyote anayeahidi Zange asubuhi, Shengena mchana na Mghimbi jioni anauza uongo, kwa sababu barabara za juu wakati wa masika hazijali ratiba ya mtu. Lakini tabia ya kuhesabu vivutio imetokana na ziara zisizo na msimulizi. Pale pasipo na la kusikiliza, mtu huchoka upesi na kutaka kupelekwa pengine, na mwongozaji naye humhamisha ili aonekane anafanya kazi. Hata huko Vietnam, ziara binafsi inauzwa kwa bei ya juu kuliko basi la pamoja kwa ahadi kwamba mgeni atasimama anapotaka, kwa muda anaotaka. Bei hiyo ni ya muda wa kukaa. Sasa, kama anayelipa zaidi anataka kukaa, kwa nini sisi tunaoanza leo tuige wale wanaokimbia?

Pingamizi la pili ni la lugha na leseni, na hili lina uzito. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mwongoza watalii awe amesajiliwa, na mzee mwenye ndiva hana cheti wala Kiingereza. Hapa Wavietnam wanaweza kutufundisha jambo moja la manufaa. Sheria yao ya utalii ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Januari 2018, inagawa waongozaji makundi matatu: wa kimataifa, wa ndani ya nchi, na wa eneo husika tu. Huyu wa tatu hatakiwi kuwa na masomo marefu kama wenzake. Hufanyiwa mtihani na mamlaka ya mkoa wake, na kadi yake inamruhusu kuongoza katika eneo hilo peke yake. Sisemi sheria hiyo imemponya yule mwenye kasia. Nimeeleza hapo juu kwamba bado amekaa kimya. Nasema mlango umefunguliwa kisheria, na sisi tungeweza kuufungua mpana zaidi. Kuhusu Kiingereza, dereva aliyetoka mjini ageuke mkalimani. Ana lugha, mwenyeji ana habari. Wawili hao wakilipwa kila mtu chake, mgeni anapata kilicho bora kwa wote. Na kwa Mtanzania anayepanda huku Desemba kutoka Dar na watoto wasiojua Chasu, lugha yetu, hata mkalimani hahitajiki. Soko hilo la ndugu zetu wenyewe tunalisahau kila mara utalii unapotajwa.

Pingamizi la tatu hunigusa zaidi: wenyeji nao hudanganya. Ni kweli. Mtu anayetarajia bakshishi hujifunza haraka hadithi ipi inafungua pochi, na sisi tunayo mojawapo ya hadithi mbaya kwa kazi hiyo. Juu ya Mbaga kuna mwamba wa Malameni, ambapo zamani watoto waliohesabiwa kuwa na mkosi, kama aliyeota meno ya juu kwanza, walitupwa. Imani hii ya kigego haikuwa ya Wapare peke yao. Imejulikana kuanzia pwani hadi bara. Lakini mgeni akisimuliwa Malameni kwa sauti ya kutisha, kwa dakika tano, akiwa ukingoni mwa genge, atarudi kwao na jambo moja tu kuhusu Wapare, nalo ni kwamba waliua watoto. Sasa nani ana uwezekano mkubwa wa kuisimulia hivyo? Mwongozaji wa mbali akiitia chumvi, hakuna atakayemkamata. Kesho yuko Tarangire. Mwenyeji anayetia chumvi ana shangazi, ana mchungaji, ana wazee wa ukoo, ana jirani anayepita na kuni akisikiliza. Kauli yake ina mashahidi. Huo ndio wajibu uliokuwa ukimbana yule kijana aliyepewa mgeni zamani: aliulizwa jioni. Sidai kwamba mwenyeji ni malaika. Nadai kwamba uongo wake una mwisho, kwa kuwa anaishi mahali anapousemea.

Kuna pia wale wanaosema tumeshajaribu, ikashindikana. Wanamaanisha mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 na Bodi ya Utalii pamoja na shirika la Uholanzi la SNV, ambao uliingiza Usangi na Mbaga miongoni mwa maeneo yake ya mwanzo. Muundo wake ulikuwa karibu na ninaoutetea: waongozaji wa kijiji, chakula cha kijiji, na tozo ya maendeleo kwa ajili ya shule au zahanati. Wahisani walipojiondoa, maeneo yaliyo njiani kwenda Ngorongoro, kama Mto wa Mbu, yaliendelea kujaa, na ya kwetu yakabaki na wageni wa kubahatisha, wengi wao wasomaji wa vitabu vya safari. Watu wakahitimisha kwamba Upare ni mbali. Hitimisho hilo nalikataa. Same iko kando ya barabara kuu na kando ya reli iliyofika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ugeni haukosi kupita, unakosa kushuka. Kilichokosekana ni mtu wa kuuza siku yetu mahali mgeni alipo, yaani Moshi na Arusha, na kampuni za huko hazina sababu ya kuiuza kama mwongozaji wake ni yuleyule wa kila siku na faida yake ni ndogo kwa sababu ya mafuta ya gari. Zitakuwa na sababu pale siku hiyo itakapokuwa na kitu ambacho dereva wao hawezi kukitoa mwenyewe.

Nisisitize pia kwamba sitarajii utalii utulishe. Myamba italishwa na tangawizi, ndizi, maharage na watoto walioko mijini wanaotuma fedha, na anayewaambia vijana waache jembe wangojee watalii anawapoteza. Mapapasi wa stendi za Moshi na Arusha wanatosha kutuonesha kinachotokea vijana wengi wanapomgojea mgeni mmoja. Tena kuna mambo ambayo hayapaswi kuwemo kwenye ziara yoyote. Novemba 2009 mvua kubwa ilishusha kipande cha mlima juu ya nyumba za watu kijijini Goha, huku kwetu Mamba, wakafa zaidi ya ishirini. Kovu la mteremko lilionekana kwa mbali, na kwa mpiga picha asiyejua lilikuwa mandhari tu, udongo mwekundu katikati ya kijani. Mwongozaji mwenyeji anajua ni wapi pa kusimamisha gari na wapi pa kupita bila kusimama, na ujuzi huo hauandikwi kwenye ratiba. Hata ndege wetu, yule mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho anayepatikana milima ya Pare Kusini peke yake duniani, haoneshwi na kitabu. Anaoneshwa na mtu anayejua mti gani una matunda wiki hii.

Kwa hiyo maombi yangu ni mawili, na yote yanawezekana bila mhisani. Halmashauri ya Wilaya ya Same iandikishe waongozaji wa maeneo, kata kwa kata, kwa mtihani wa Kiswahili juu ya historia, maji, misitu na mazao ya kata yao, na iombe wizara iwatambue kisheria kwa eneo hilo peke yake. Na kampuni za Moshi na Arusha zinazoleta wageni Mkomazi ziandike kwenye mkataba wa ziara malipo ya mwenyeji anayesimulia, kama fungu lake lenyewe, lisilochanganywa na bakshishi. Mpaka hayo yafanyike, wewe msomaji unayepita Same Desemba hii kwenda kwenu au kwetu, usikubali kuuziwa siku nzima na mtu ambaye hawezi kukutajia nani atakayekupokea huko juu.